Mpira wa mkojo baada ya upasuaji wa tezi dume

SWALI: Mume wangu ana miaka 62. Baada ya wiki nne atatolewa tezi dume yote kwa sababu ya saratani. Ajiandae vipi, na mpira wa mkojo utakaa muda gani? Mama J., Tanga

JIBU: Mama J., pole kwa kuuguza. Wiki hizo nne ni mali. Aanze leo kukaza misuli ya kuzuia mkojo: abane kama anayezuia ushuzi, makalio na tumbo vilegee, ahesabu hadi 10, aachie. Arudie mara 10, kutwa mara tatu. Dawa za kuzuia damu kuganda amtajie daktari mapema.

Mpira hukaa siku 7 hadi 14 hivi. Ukiwemo, mazoezi yasimame. Mfuko uwe chini ya kibofu daima. Mkojo wa waridi usiwatishe. Ukikoma kutiririka, tazameni kama mpira umejikunja. Kama sivyo, huenda damu iliyoganda imeuziba, nendeni hospitali hapohapo. Ukichomoka, asikubali mtu yeyote kuurudisha kabla daktari aliyempasua hajaarifiwa, maana kibofu kimeshonewa upya kwenye njia ya mkojo na mshono huo huchanika.

Mpira ukitolewa atavuja. Nunueni pedi za watu wazima mapema; wengi hukauka polepole, kwa miezi. Kipimo cha PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) hurudiwa wiki ya 6 hadi 8 baada ya upasuaji, na kinatakiwa kiwe karibu sifuri.