Martini ya babu: weka msasa chini

Ndugu yangu wa Jinja, unasema marehemu babu aliacha bunduki aina ya Martini, ya kulengea shabaha, ya .22 (unene wa risasi kwa inchi), inayopakiwa risasi moja moja, nawe unataka kuing'arisha kwa msasa kisha uanze kukusanya za aina hiyo. Ngoja kidogo.

Kwanza polisi. Sheria ya Silaha ya Uganda ya 1970 inadai cheti kwa anayemiliki bunduki, na "ni ya kale" si utetezi wa kuutegemea. Usiipakie kwenye boda kuipeleka kituoni! Nenda mikono mitupu, eleza, ufuate watakavyokuelekeza.

Msasa ndio unaoniumiza roho. Weusi ule wa chuma uliochakaa na mafuta ya mikono kwenye kitako ndivyo mkusanyaji anavyovilipia; ukivikwangua havirudi. Kitambaa cha pamba na mafuta mepesi vinatosha. Usiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi: ngozi hushika unyevu, na hapo kando ya Ziwa Nyanza kutu haihitaji mwaliko.

Ukisharuhusiwa, fundi wa silaha mwenye leseni aifungue na kumulika ndani ya mtutu. Risasi nyingi za zamani ziliacha chumvi inayovuta maji, ndiyo maana bunduki inayopendeza kwa nje huwa na vishimo ndani. Alinganishe pia namba zilizochongwa kwenye vipande, kuona kama vyote ni vya bunduki moja.

Kwa kukusanya, Winchester ya 1885, bunduki nyingine ya risasi moja moja iliyobuniwa na Mmarekani John Browning, ni tamu, lakini bei yake! Mimi ningebaki na Martini. Na risasi za babu, kama zipo, waambie polisi siku hiyo hiyo.