Mkufu wa lulu ulioshwa kwa ndimu

SWALI: Dada yangu aliniletea mkufu wa lulu kutoka Guangzhou, akaniapia ni halisi. Kabla ya harusi niliuosha kwa ndimu, kama ninavyosafisha hereni zangu za fedha. Sasa umefifia, umekuwa kama chaki. Je, alidanganywa dukani? Na mng'ao unaweza kurudi? (Mama wa Himbi, Goma)

JIBU: Mama, inaelekea dada yako hakudanganywa, na hiyo chaki ndiyo shahidi wake. Lulu ni chokaa ambayo mnyama wa majini ameipanga tabaka juu ya tabaka, nyembamba mno, na mng'ao hutoka humo. Ndimu inakula chokaa. Ingekuwa lulu bandia, rangi ingebanduka kandokando ya tundu ukaona plastiki au kioo chini yake. Ukitaka kuhakikisha, sugua moja taratibu kwenye ncha ya jino: halisi inakwaruza kama mchanga laini, bandia inateleza.

Kwa kuwa umetoka China, nadhani ni lulu za maji baridi, za kome wanaofugwa mabwawani. Kome mmoja hutoa nyingi kwa mpigo, ndiyo maana bei yake inavumilika. Neno kufugwa lisikutie shaka: Mikimoto wa Japani alifaulu kuzifuga mwaka 1893, na leo karibu lulu zote za madukani hufugwa, na ni halisi. Lulu ziitwazo akoya za Japani, zile za kijivu-nyeusi za Tahiti na zile kubwa za Australia hutoka kwa chaza wa baharini, na bei yake ni habari nyingine. Anayekuuzia mkufu wa Tahiti kwa dola 20, mwage kwaheri.

Mng'ao ulioliwa haurudi. Mafuta yatakudanganya siku moja tu.

Kilichobaki ukilinde. Vumbi letu la lava ni gumu kuliko lulu, kwa hiyo usiisugue ikiwa kavu. Tumia kitambaa laini cha pamba kilicholoweshwa maji na kukamuliwa. Marashi jipake kwanza, mkufu uvae mwisho. Uulaze kwenye mfuko wa kitambaa. Ukiutundika uzi wa hariri unarefuka. Ukiona lulu zinachezacheza kati ya mafundo, ulete utungwe upya. Mteja wangu mmoja alingoja, uzi ukamkatikia uani. Tuliinama kwenye yale mawe meusi hadi giza likaingia, na bado tatu hatukuziona.