Mjomba, jazi haitaniharibia kantri?

SWALI: Shikamoo mjomba. Niko Moshi, Majengo, wikiendi napiga gita kwenye baa moja ya mtaani, wazee wakishashiba mbuzi wanataka kantri za Jim Reeves na Don Williams mpaka usiku. Shida solo zangu zote zinafanana, nazunguka noti zilezile tano tu. Jamaa kaniambia nijifunze jazi, naogopa wazee watanikimbia. Na je lazima ninunue lile gita la jazi lenye tumbo?

JIBU: Marahaba dogo. Kwanza tuelewane jazi ipi, maana kwetu bendi kama Morogoro Jazz na Tabora Jazz walipiga dansi. Jamaa yako anasema ile ya Wamarekani, na hao hawajaanza jana kuichanganya na kantri, mwanamuziki wa kantri Bob Wills alikuwa anachezesha watu hivyo Texas na Oklahoma tangu miaka ya 1930. Huyo Jim Reeves wako prodyuza wake alikuwa Chet Atkins, mpiga gita aliyekuwa hoi kwa Django Reinhardt, mpiga gita wa jazi. Kwa hiyo wazee wako jazi wameshaila kidogo kidogo miaka yote, tena na ndizi.

Noti zako tano usizitupe. Tatizo lako ni kwamba kodi zinabadilika (za gita, sio za TRA) wewe uko palepale. Mtu wa jazi anavizia kodi inapobadilika anatua kwenye noti yake, hasa ile ya tatu ukihesabu toka noti yenye jina la kodi, waliopita kwaya wanaiita mi. Jaribu kwenye G: ikiingia G, uzi wa tatu piga freti ya 3 halafu teleza ya 4 palepale, ikija C nenda uzi wa nne freti ya 1 teleza ya 2, ikija D uzi uleule wa nne, freti ya 3 teleza ya 4. Ile noti ya chini ni ya kupita tu, usikae nayo, ukikaa wazee wanajua umekosea. Fanya taratibu mpaka mtu akisikia solo peke yake bila rizimu anajua sasa hivi ni C.

Kodi zenyewe kidogo tu. Badala ya G piga G6, ni G ya kawaida ila uzi wa kwanza unauacha wazi, basi. Na ukitoka C kurudi G weka katikati C kruzi ya dimu (C#dim), freti 4, 5, 3, 5 kuanzia uzi wa tano mpaka wa pili, wa kwanza na wa sita usiguse. Moja kwa wimbo inatosha. Mimi ujana wangu nilizijaza kwenye harusi moja huku Arusha, bibi harusi akaja mwenyewe kuuliza fundi mitambo kama spika zimeharibika.

Gita la tumbo acha, hilohilo ulilonalo linatosha, hiyo hela nunua nyuzi mpya.