Msomee mtu anwani ya programu yako kwa simu

Programu yangu ya kwanza kutumiwa na watu wengine ilikuwa ya kuombea likizo kazini. Niliiweka kwenye seva ya ofisi, nikawatumia wenzangu kiungo kwa barua pepe, nikaona kazi imekwisha. Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa idara ya stoo. Kompyuta yake ilikuwa imebadilishwa, ile barua pepe haioni, akaomba nimsomee anwani.

Nikaanza: mia moja tisini na mbili, nukta, mia moja sitini na nane, nukta moja, nukta ishirini, halafu nukta mbili zilizopandana, halafu nane sifuri nane sifuri, mkwaju... "Mwanangu, ngoja kwanza nitafute kalamu," akanikatiza. Tulirudia mara tatu. Mkwaju, yaani alama ya /, aliuandika ule unaolalia upande wa pili. MfumoLikizo akaandika kwa herufi ndogo tupu, na seva ikamjibu kwamba ukurasa haupo. Hakukosea kitu yule mama. Mimi ndiye niliyempa kitu kisichosemeka.

Anwani yenyewe ilikuwa hii: 192.168.1.20:8080/MfumoLikizo/index.php?uk=3. Kila kipande chake kinaeleza jambo linalomhusu mtengenezaji peke yake. Namba za mwanzo ni za mashine, 8080 ni poti, yaani namba ya mlango wa kuingilia kwenye mashine, niliyoichagua nikiwa kwenye majaribio, php ni lugha niliyoandikia. Mwombaji likizo hahitaji hata kimoja.

Kuirekebisha kulikuwa kwepesi kuliko nilivyoogopa. Nilimwomba msimamizi wa mtandao aongeze jina kwenye DNS ya ofisi, ile orodha inayogeuza majina kuwa namba za mashine, yaani likizo, nukta, kisha kikoa chetu cha kawaida, jina la ofisi mtandaoni. Mbele ya programu nikaweka programu ya seva iitwayo Nginx ifanye kazi ya proksi: ipokee watu kwenye poti ya kawaida na kupeleka maombi yao ndani. Kivinjari chenyewe hujua kwamba http ni 80 na https ni 443, kwa hiyo ukitumia poti hizo hakuna namba ya kuandika. Mwisho, anayefika kwenye jina tupu anafunguliwa fomu moja kwa moja, bila index wala uk=3.

Tahadhari moja hapo. Nilitaka kwanza jina liwe neno "likizo" tu, bila kikoa. Usifanye hivyo. Ukiandika neno moja, vivinjari vingi hudhani unatafuta kitu, na mtu anaishia kwenye matokeo ya utafutaji. Isitoshe, mamlaka za vyeti zinazoaminiwa na vivinjari hazitoi cheti, yaani uthibitisho kwamba tovuti ni yenyewe, kwa jina lisilo na kikoa kilichosajiliwa, na bila cheti kila mtumiaji atapokewa na onyo la kutisha. Mtu asiye fundi akizoeshwa kupuuza onyo hilo kazini, atalipuuza pia siku ya hatari ya kweli.

Herufi kubwa na ndogo ndilo jambo ninalolikuta limesahaulika mara nyingi zaidi. Katika jina la kikoa hazina tofauti. Baada ya mkwaju wa kwanza zinaweza kuwa na tofauti kubwa, hasa seva ikiwa inatumia mfumo endeshi wa Linux. Na simu nyingi hupenda kuanza neno kwa herufi kubwa bila kuulizwa. Andika kila kitu kwa herufi ndogo, kisha iambie seva impokee hata aliyeandika kubwa. Maneno mawili yakilazimika kukaa pamoja, tumia kistari cha katikati. Kile cha chini humezwa na mstari unaochorwa chini ya viungo. Na kama anwani ina msimbo, epuka herufi zinazofanana na tarakimu. Mwanaprogramu Douglas Crockford, alipopanga mfumo wake wa misimbo wa alama 32, herufi na tarakimu, aliziondoa I, L na O kwa sababu hiyohiyo.

Kuna waliowahi kuniambia kwamba siku hizi watu hawaandiki anwani, wanabonyeza tu. Kwa tovuti kubwa ya hadharani huenda ni kweli. Programu ya ndani ya ofisi haimo kwenye injini yoyote ya utafutaji: husambaa kwa mdomo, kwa karatasi ya ubaoni, kwa kibandiko kilichogandishwa pembeni mwa kioo cha kompyuta.

Vibandiko hivyo ndivyo vilivyonifundisha kuheshimu anwani ya zamani. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadiliki, na mimi nilikuwa nimeshaibadilisha. Basi nikaihamisha programu kwenye poti nyingine isiyoonekana nje, na 8080 ikabaki na kazi moja, kumwelekeza kila anayekuja kwenye jina jipya kwa jibu la 301, linalosema "tumehama kwa kudumu". Aliyekuwa na kibandiko cha zamani hakupotea.

Lililoniuma zaidi, hata hivyo, lilikuwa la siri. Toleo lile la kwanza liliweka ndani ya anwani msimbo unaomtambulisha aliyeingia. Kaka mmoja alinakili anwani akamtumia mkubwa wake ili amwonyeshe fomu. Mkubwa akafungua na kujikuta ndani ya akaunti ya yule kaka, na maombi yake yote yakiwa wazi mbele yake. Mtu wa kawaida huiona anwani kama jina la ukurasa, na jina halina siri. Ana haki ya kuona hivyo. Msimbo wa aina hiyo uweke kwenye vidakuzi, vile vipande vidogo vya data ambavyo kivinjari humtunzia mtumiaji, kwani anwani hubaki kwenye historia ya kivinjari na kwenye kumbukumbu za seva. Na ukishaifanya safi, kwa mfano /maombi/57, hakikisha anayebadilisha 57 kuwa 58 anaulizwa kama ana ruhusa ya kuliona ombi hilo.

Siku hizi, kabla ya kutangaza programu yoyote, nampigia mtu asiye wa idara yetu na kumsomea anwani mara moja tu, kwa mwendo wa kawaida, bila kutaja herufi mojamoja. Akifika, naitangaza. Mara ya mwisho nilimsomea dada wa mapokezi anwani iliyoishia na takwimu2. Aliandika "takwimumbili", akaniuliza mbona haifunguki. Niliiondoa ile 2 kabla hatujakata simu.