Jibu: Kwa nini Silverlight haikuing'oa Flash?

Mkuu, umeuliza Silverlight ya Microsoft ilishindwaje na Flash ya Adobe wakati Microsoft ina hela zote zile. Zote zilikuwa programu za kuongeza kwenye brauza ili icheze video na michoro inayotembea. Hela haikuwa tatizo. Silverlight ilipotoka 2007, Flash Player ilikuwa imeshajaa karibu kila kompyuta. Hata YouTube ilichezesha video zake kwa Flash. Microsoft ikabaki kubembeleza watu wapakue kitu kipya kwenye brauza. Ndiyo maana ikaidandia Olimpiki ya Beijing 2008: Mmarekani akitaka kutazama kwenye tovuti ya televisheni ya NBC, asakinishe Silverlight kwanza. Netflix nayo iliitumia miaka kadhaa. Na kwa sisi tunaoandika programu kwa C#, lugha ya Microsoft, Silverlight ilikuwa tamu, tusidanganyane. ActionScript, lugha ya Flash, sikuwahi kuipenda.

Mshindani wa tatu, JavaFX ya Sun (kampuni iliyounda lugha ya Java), ilitoa toleo la 1.0 Desemba 2008, karamu ikiwa imeshaanza.

Ila wote walikuwa wanagombea malisho yanayokauka. iPhone haikuruhusu Flash wala Silverlight kwenye brauza yake, na Aprili 2010 Steve Jobs, bosi wa Apple, akaandika waziwazi sababu za kuikataa Flash. Novemba 2011 Adobe ikatangaza kuachana na Flash ya brauza za simu, HTML5, inayochezesha video ndani ya brauza bila programu ya kuongeza, ikatamba. Flash ikazikwa mwisho wa 2020, Silverlight Oktoba 2021.