Koti la kupandia Kilimanjaro

SWALI: Mhariri, ninaishi Nyegezi, Mwanza, na ninajiandaa kupanda Kilimanjaro. Je, ninunue koti jepesi lililojazwa manyoya ya bata au la poliesta (nyuzi za kiwandani)?

JIBU: Ndugu msomaji, chukua la poliesta, kwa sababu manyoya yakilowa hushikamana na kupoteza joto, ilhali poliesta huendelea kukutia joto hata ikiwa na unyevu, tena hukauka upesi, ingawa huwa nzito kidogo. Ukilipata kwenye mitumba ya soko la Mlango Mmoja, hapo Mwanza, libane kiganjani kisha uliachie. Lisipofura tena, ujazo wake umechoka, hivyo liache hata kama zipu ni nzima (wauzaji husifia zipu tu). Liwe na nafasi ya sweta ndani, kwani kileleni, mita 5,895, joto hushuka chini ya sifuri. Mkipanda mkitoka jasho livue, mkisimama livae mara moja.