Kuhusu paka unaowalisha nyuma ya ploti

Dada yangu wa Kondele, umeuliza ikiwa uache kuwalisha wale paka saba, kwa kuwa majirani wanalalamika na mlinzi ametishia kuwatilia sumu. Usiache ghafla, kwani paka waliozoea chakula mahali hawahami upesi. Watavamia mapipa ya taka na jikoni mwa majirani hao hao.

Hata hivyo, kuwalisha bila kuwafunga uzazi kutakuzidishia mzigo, kwa sababu paka jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili tu, na anaweza kuishika hata kabla ya kutimiza miezi sita. Anza na majike. Mwombe daktari wa mifugo awachanje pia dhidi ya kichaa cha mbwa, ambacho paka nao huambukiza, na akate ncha ya sikio moja paka angali amelala kwa dawa, iwe alama kwamba ameshafungwa uzazi, usije ukamkamata yule yule mara ya pili.

Mimi huwawekea omena waliochemshwa bila chumvi, jioni, kwenye sahani ya bati. Baada ya nusu saa huiondoa na kufagia vichwa vilivyobaki, maana hivyo ndivyo vinavyonuka na kuita panya. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao, maji yanatosha.

Mlinzi mweleze kwa upole kwamba sumu haichagui, na watoto wa ploti huchezea hapo hapo. Ukikwaruzwa au kung'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitalini siku hiyo hiyo.